Stoo ya Bahasha Kuukuu

Posta walimwita Mzee Bubu, ingawa nyumbani maneno yalimtoka mpaka mkewe akaomba poo. Ububu wake ulikuwa wa kazini tu. Nchi mbili za jirani zilipigana miaka kumi na tisa, kaskazini na kusini, na barua hazikuruhusiwa kuvuka. Nchi yake haikuegemea upande wowote, basi wasafiri walimletea barua kwa siri. Alichana bahasha, hakusoma kilichomo, akaitia barua kwenye bahasha mpya yenye muhuri wa hapa, ikaendelea na safari. Hivyo mama wa kaskazini alimpata mwanawe kusini, na hakuna askari aliyejua nani kamwandikia nani.

Bahasha kuukuu zilitakiwa zichomwe jioni ileile. Hapo ndipo mzee wetu alipoteleza. Moyo uligoma kuchoma jina na anwani ya aliyeandika. Je, barua ikirudi, mwenyewe atapatikanaje? Akazitunza stoo, sanduku juu ya sanduku, tena kwa fahari.

Kisha serikali ikageuka. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba zama za kukaa kando zimekwisha. Sasa tuko pamoja na kaskazini. Kabla ya saa sita maofisa wawili wa huko walikuwa stoo. Kwao, kumwandikia mtu wa kusini ni usaliti. Mzee Bubu alisimama mlangoni akijua fika wanachobeba, akawapisha. Mmoja alimpigapiga begani, amefurahi kweli.

"Mzee, umetupunguzia kazi!"

Tangu siku hiyo hana raha. Akisikia hodi anaganda. Masikioni mwake unagongwa mlango mwingine, mbali, na mwenye nyumba anamjua kwa mwandiko. Yule wa herufi zilizolala. Yule bibi aliyepigia mstari jina la mjukuu. Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Anaogopa, na anajichukia.

Mkewe amechoka kumbembeleza.

"Baba, hebu kula. Bahasha zote zile, nani ana muda wa kupekua moja moja? Watachoka wenyewe."

Mzee alitazama mikono yake.

"Hawana haja ya kupekua, mke wangu. Nilizipanga kwa miji. Halafu kwa mitaa. Halafu kwa namba za nyumba."