Tuna Ngamia, Alhamdulillahi

Mlinzi alikuwa ameikalia. Shali ya mwanamke aliyelala kitanda jirani na changu, ameikunja na kuitandika juu ya kiti chake cha chuma mlangoni mwa wodi ya wazazi, ili asiungue na joto. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto kifuani, mume wangu ananingoja nje. Nikasimama.

"Adeer, inuka." Alikuwa rika la baba yangu, nikamwita ami kwa Kisomali kama inavyotakiwa. Adabu yangu iliishia hapo. "Inuka kabla sijakuangusha na kiti chako."

"Nimeambiwa niitunze."

"Kwa matako?"

Wanawake wodini wakacheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Mzee akainuka, nikaivuta.

Wenye hospitali walimnyang'anya yule mama shali yake ili asitoroke bila kulipa. Walituelewa vizuri: mwanamke wa kwetu hatoki barabarani kichwa wazi. Kufuli ya nini tena?

Aliletwa kutoka Modogashe juu ya lori la mbuzi, mtoto amekingama tumboni. Akapasuliwa. Walipona wote wawili, na kwa hilo siwasemi vibaya daktari wala wauguzi. Mmoja wao alimnunulia sabuni kwa pesa yake mwenyewe. Taabu ilikuja na bili. Serikali ilikuwa imetutaka tuchangie gharama za hospitali, lakini ilisema pia asiyeweza asamehewe. Hivyo ndivyo tulivyosikia redioni. Kwa hiyo karani alikuja kumpima kama anaweza. Alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tunavyosema sisi wa huku kaskazini, utadhani sisi tuko Misri. Kisomali hakijui, na mimi ndiye niliyekuwa na kidato cha nne mle ndani, nikawa mkalimani.

"Muulize, ana mali?"

Nikamuuliza. Akajiweka sawa kitandani. "Alhamdulillahi, tuna ngamia."

"Wengi?"

"Mungu ametupa. Wengi."

Karani akaandika upesi. "Basi huyu si maskini. Ngamia mmoja tu anamaliza bili."

"Ngoja," nikasema. "Mtu wa malishoni ukimuuliza kama ana mifugo, hasemi sina, hata kama ukame umemwachia watatu. Ni kukufuru neema. Muulize kama hao ngamia ni wake. Muulize kama anaweza kuuza."

"Mama, wewe tafsiri tu."

Nikamgeukia mwenyewe. "Abaayo, dada yangu, mwambie huna kitu. Sema tu, utoke."

Alinitazama kama nimemwambia atukane. "Niseme sina kitu, na mtoto huyu nimempakata? Mungu asikie, kesho aje amchukue?"

Karani akafunga daftari na kusema hasamehewi, hatoki mpaka alipe.

Ngamia walikuwa wa mume wake, na mume alikuwa amewaswaga kuelekea Habaswein kufuata majani. Kisha mama mkwe wake akatuma neno kupitia dereva wa lori: sisi tunavunja nyumba, tunahama, binti yako mdogo tunaye, ukichelewa utatutafuta mwenyewe. Awatafute vipi, nyika yote ile, na tumbo lina mshono? Dereva akaongeza lake. Huko Modogashe wanawake wanasema hospitali inafunga wazazi, na mmoja mwenye mimba ya kwanza ameapa kuzaa nyumbani, liwe liwalo.

Hayo yote niliyavumilia. Ile shali chini ya mlinzi ndiyo iliyonishinda.

Nilipomrudishia, alijifunika kwanza, ndipo akalia. Mzee alinifuata hadi kitandani, sauti ameishusha. "Binti yangu, akitoroka wananikata mshahara."

Nilimwamini. Hata yeye alikuwa amebanwa. "Hatoroki," nikamwambia. "Atatoka kwa mlango, na wewe ndiye utakayemfungulia."

Mume wangu akachungulia dirishani. "We mwanamke, umezaa juzi tu, leo unataka kupigana na serikali?"

"Nipe kalamu yako."

"Mtoto anapigwa na joto."

"Na huyu wake je, yuko kwenye barafu? Nipe kalamu."

Akaipitisha katikati ya vyuma, ananung'unika. Nikaketi kitandani pa yule mama nikaandika barua ya malalamiko. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea kwa Kisomali kwamba yeye ni maskini na hana uwezo.

"Futa."

"Abaayo!"

"Futa neno maskini. Mimi si ombaomba."

Nikafuta. Nilikasirika, kisha nikaona ana haki: kwa nini ajivue heshima ndipo atendewe haki? Nikaandika upya, akaweka dole gumba, nikaweka sahihi yangu chini yake. Nilipeleka nakala moja kwa mganga mkuu na nyingine kwa mkuu wa wilaya, na sikuondoka mpaka zikapigwa muhuri. Nilimwandikia mganga mkuu hivi:

"Nalalamika kwamba mama huyu amepona lakini amezuiliwa wodini na kunyang'anywa nguo yake. Ana ngamia, na hatakana. Ngamia ni wa mume wake, wako mbali, na mama huyu hana ruhusa ya kuuza hata mmoja. Hilo hamkumuuliza. Naomba aulizwe leo, kwa lugha yake, na asamehewe kama serikali ilivyosema. Jamaa zake wanahama na mtoto wake. Na mkiendelea kumshika, wenzake wa Modogashe watazaa vichakani na kufia huko, na msije mkasema ni ujinga wao. Nangoja jibu kwenye benchi nje ya ofisi yako, mimi na mtoto wangu mchanga."