Riwaya ya shule ilivyomgombanisha mama na jirani yetu Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wenye mvi humu ndani. Chai nakunywa asubuhi, hapa naleta ukweli mtupu.

Niko Form Four. Mama yangu ni Mchaga, ana duka la mashuka na mapazia Kariakoo. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni Bi Zuhura, Mwarabu wa hapa hapa Bongo, anauza udi na manukato. Wako pamoja tangu sijazaliwa. Mmoja akitoka kidogo, mwenzake anamuuzia.

Sasa shule tukapewa riwaya moja ya zamani, ile ambayo hata wazazi wenu waliifanyia mtihani. Jina naliacha, uzi usije ukageuka ubishi wa vitabu.

Maoni yangu ya mwanzo: inaboa balaa. Mvua inanyesha kurasa nzima nzima na hakuna mtu aliyelowa.

Mwalimu akataka kila mmoja asimame mbele ya darasa aeleze anauonaje mwisho wake. Basi nikawa nasoma kwa sauti dukani ili nisisinzie.

Mama akanogewa. Bi Zuhura naye akahamishia stuli kwetu. Mteja akiuliza bei ya shuka anaambiwa, "Subiri kwanza, ameshaenda kwa mwanamke mwingine!"

Kwa kifupi, mwanaume anamtelekeza mkewe, anaoa mbali, anarudi amefulia, anabisha hodi. Mke anasimama nyuma ya mlango.

Kitabu kimeisha hapo!

Mama akafoka, "Fungua ukurasa mwingine!"

"Hakuna mwingine, mama."

"Basi asifungue. Huyo ni wa kumwagia maji ya moto."

Bi Zuhura akasema taratibu, "Mimi naona angefungua, Mama Glory. Mtu kabisha hodi kwake."

"Kwake wapi? Mwanamke asiye na akili ndiye atakayefungua!"

Wakuu, hapo ndipo palipoharibika.

Mama alijisahau. Mume wa Bi Zuhura, Mzee Salim, aliwahi kuondoka akaoa Uarabuni, akakaa huko miaka, kisha akarudi. Mtaa mzima unajua. Na muda huo alikuwa amekaa mlangoni kwetu na kikombe chake cha kahawa.

Bi Zuhura akabeba stuli yake, akaondoka.

Hawakusemeshana zaidi ya wiki. Mteja akiulizia udi, mama anaangalia dari. Anakunja shuka, analikunjua, analikunja tena. Nilijua inamuuma. Mimi nilitamani kukichoma kile kitabu.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Salim akaingia kwetu na kanzu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwalimu wako anataka kujua kama yule mke alifungua?"

"Ndiyo, babu."

"Mwambie siku ile hakufungua. Nililala barazani. Kesho yake vilevile. Majirani wakawa wananiletea uji. Mwisho huruma ikamwingia, akafungua."

Ikatoka sauti ng'ambo ya ukuta: "Muongo wewe! Nilifungua kwa sababu ulikuwa unakoroma, watoto hawalali!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaenda kwa Bi Zuhura mwenyewe. Sijui waliongea nini, ila alirudi macho mekundu, ananukia udi mpaka kwenye nywele.

Darasani nikasema mwandishi alifanya la maana kuishia pale mlangoni. Angemalizia mwenyewe, dukani kwetu tungefunga kitabu tukaendelea kuuza mapazia. Nikaongeza kwamba kwa maoni yangu mke alifungua, kwa sababu ya kukoroma.

Mwalimu akapekua kitabu chake, akauliza hiyo ya kukoroma iko ukurasa wa ngapi.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujamtukana mhusika wa kitabu, angalia kwanza nani amekaa mlangoni.

Haya, nyie mngefungua au mngechemsha maji? Uwanja wenu.