Harusi ya Budondo na Lenzi ya Ishirini na Nane

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye studio alipanga lenzi tatu juu ya kabati la kioo, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono. Studio ilikuwa katikati ya mji wa Jinja, duka la kizamani lenye nguzo mbele na jina la ukoo wao limechongwa kwenye saruji juu ya mlango. Alikuwa mzee wa Kihindu, mwembamba, mwenye shati jeupe kila siku ya Mungu.

"Haya, beti," aliniambia. Ndivyo alivyowaita wasichana wote. Maana yake binti. "Jumamosi iko harusi. Chukua moja."

Nilichukua iliyo ndefu kuliko zote. Ilikuwa nzito, nami niliamini kitu kizito ndicho kizuri.

"Hiyo milimita mia moja thelathini na tano. Wewe nakwenda harusini ama nakwenda kuwinda nyati?"

Mafundi wawili wa chumba cha giza walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nilikuwa nimetoka Mbale, binti wa fundi cherehani wa karibu na msikiti, na nilidhani kazi imeniponyoka kabla sijaishika. Lakini yule mzee alinifundisha wiki nzima, na mafundisho yake ndiyo yaliyonilisha mpaka nilipostaafu.

Namba ya milimita, alisema, ndiyo inayokuambia lenzi inaona nini. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona upana. Ikiwa kubwa, huona kidogo lakini hukivuta karibu. Hamsini huona kama jicho la binadamu. Mia moja thelathini na tano huchuna uso mmoja kutoka katikati ya umati, na vyote vya nyuma vikayeyuka. Ishirini na nane, tuliyoiita lenzi pana, hukusanya ukumbi mzima hata ukiwa umebanwa ukutani. Namba ya pili ni ya tundu, yaani mlango wa duara ndani ya lenzi unaopitisha mwanga. Kanisa lenye giza linataka lenzi ambayo tundu lake hufunguka sana, la sivyo utapata vivuli vinavyofunga ndoa.

Ninyi mnaoanza sasa mnatazama picha papo hapo nyuma ya kamera. Sisi tulifanya kazi ndani ya hofu. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na hukujua umepata nini mpaka ioshwe. Ilitokea filamu isishike kwenye meno ya kamera. Unabonyeza siku nzima, bibi harusi anatabasamu siku nzima, na ndani hakuna kinachozunguka. Hakuna bibi harusi anayekubali kuolewa tena Jumatatu kwa ajili yako. Jinja nayo ina unyevu, na unyevu huotesha ukungu ndani ya kioo cha lenzi, nyuzi nyeupe kama mizizi. Mwenye studio alizilaza lenzi zake katika kabati lenye balbu inayowaka mchana na usiku, joto lake likaushe unyevu. Kila asubuhi nilikuwa naiangalia ile balbu kwanza, kabla ya kusalimia mtu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa katika harusi ya Masingasinga. Nilipiga familia nzima kwa lenzi pana, nikamweka shangazi wa bibi harusi mwisho wa mstari. Sikukumbuka kwamba lenzi pana humvuta aliye ukingoni akatanuka. Shangazi alikuja dukani na picha mkononi.

"Huyu ni mimi au ni tembo?"

"Ni lenzi, mama," mwenye studio akamjibu.

"Basi lenzi yako inakula sana!"

Baada ya miaka sita nilihamishiwa tawi la Mbale, niwe mpiga picha mkuu. Huko nilikuwa chini ya Meneja wa tawi, Mgisu mwenyeji wa huko, mchangamfu asiyeweza kunyamaza, mtu ambaye angekusimulia ndoto yake ukiwa unavuka barabara. Yeye aliabudu lenzi pana kwa sababu ya desturi yetu ya siku zile. Picha za harusi ya Jumamosi tulizibandika kwenye kioo cha mbele cha duka Jumatano asubuhi. Wageni walikuja kujitafuta, wakaagiza nakala. "Uso mmoja, mteja mmoja," Meneja alikuwa akisema. "Nyuso ishirini, wateja ishirini. Panua, dada, panua!"

Mji mzima ulikuwa unapita pale Jumatano: wauza maduka, wanafunzi, askari waliotoka zamu. Hata wasiokuwa na harusi walisimama kutazama nani alikaa na nani. Sikuwahi kuona ubaya wowote katika desturi hiyo.

Ndipo ikaja harusi ya Budondo. Bwana harusi alikuwa wa Mbale, bibi harusi wa Budondo, upande wa Jinja, na sherehe ilikuwa nyumbani kwa kina bibi harusi. Turubai lilikuwa dogo na watu walikuwa wengi. Nilipokuwa nyuma ya nyumba nikibadilisha filamu, mwanamke mmoja aliacha sufuria za matoke akanijia. Alikuwa kijana, na alijifuta mikono kwenye leso muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada, nimesikia unavyoongea. Wewe ni wa Mbale?"

"Ndiyo. Nawe?"

"Mimi pia. Naitwa Nambozo. Hizo picha zitaenda Mbale?"

"Zitabandikwa Jumatano, karibu uje ujione."

Aliposikia hivyo alinishika mkono. "Mimi usinitie. Nakuomba. Kuna mtu huko nilimkimbia. Ni mtu wa sare. Aliniambia siku akijua niliko, atanifuata anizike, na mtoto atamchukua. Hapa hana anayemjua. Kuna mama mmoja mjane amenipa chumba, hakuna mwingine anayejua habari zangu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitamwacha nje ya picha. Nilimaanisha hivyo. Mchana kutwa nilipiga kwa hamsini, na kila alipopita nilishusha kamera. Kisha ikaja keki. Watu walisogea mpaka mgongo wangu ukagusa mti wa turubai, na hamsini haikutosha kuwakamata maharusi na wazazi wao pamoja. Nikafunga lenzi pana. Nilichungulia, nikamwona Nambozo upande wa kushoto na sahani, nikageuza kamera kidogo mpaka akatoka. Nikabonyeza.

Hapa nieleze jambo la kiufundi. Dirisha la kuchungulia la kamera zetu lilionyesha pungufu kidogo ya kile filamu ilichokamata. Kila mpiga picha alijua hivyo, na hakuna aliyejali, kwa sababu mashine ya kuchapa ilikata ukingo uleule wa ziada. Kwa hamsini, ziada hiyo ni kipande cha ukuta. Kwa lenzi pana, na watu wakiwa karibu hivyo, ni mtu mzima.

Meneja aliipenda ile picha ya keki. Hakuipeleka kwenye mashine. Alimwambia fundi wa chumba cha giza aichape kubwa, filamu yote, bila kukata kitu. Jumatano nilifika kazini imeshabandikwa katikati ya kioo. Niliiona nikiwa ng'ambo ya barabara. Maharusi, kisu, wazazi, na ukingoni kushoto, amevutwa kidogo lakini anatambulika kabisa, Nambozo na sahani yake. Macho yake yalikuwa yananitazama.

Nilivuka bila kuangalia magari. Nikaingia, nikafungua kioo kwa ndani, nikaanza kubandua pembe ya kwanza. Mtu akagonga kioo kwa kidole, taratibu, mara tatu. Alikuwa nje, amevaa sare, uso wake umetulia kama wa mtu anayesoma tangazo. Akaingia.

"Wewe mama, wacha hiyo picha."

"Shikamoo, afande. Hii imechapwa vibaya, tunaitoa."

"Wacha. Mimi naona iko mzuri." Aliweka kidole juu ya uso wa Nambozo. Hakuuliza huyo ni nani. "Hii umepiga wapi?"

"Tororo," nikasema.

"Tororo."

"Ndiyo, afande. Tororo."

Alikuwa anakaribia kuondoka. Naapa alikuwa amekwisha geuka. Meneja akatoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai, akamwona mteja, akafurahi.

"Karibu, afande! Umependa hiyo? Ile ni harusi ya Budondo, kule Jinja. Huyu dada yetu ndiye aliyepiga. Nakala ngapi?"

Yule mtu alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na ninaomba nife kabla sijatazamwa hivyo tena.

"Mama, wewe umesema Tororo."

"Harusi ni nyingi, afande. Nimechanganya."

"Ndiyo," alisema. "Harusi mingi." Alibandua picha mwenyewe, pembe kwa pembe, bila kuichana, akaikunja mara moja na kuitia ndani ya shati. Kisha akatoka. Hakwenda upande wa stendi ya mabasi. Alielekea upande wa pili, na sikujua kama anakwenda kuomba ruhusa ya kuondoka au kuchukua kitu.

"Hakulipa," Meneja alisema.

Nilimweleza kwa maneno machache. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Akaweka kikombe chini. "Nenda," akasema. "Nenda sasa hivi. Akirudi nitaongea naye mpaka achoke."

Budondo hakukuwa na simu ya kupiga. Nilipanda gari la kwanza lililoondoka kwenda Jinja, na kila gari lililotupita njiani nilitafuta sare ndani yake. Jinja nilichukua bodaboda nikamwambia dereva aende kama anayetaka kufa. Kina bibi harusi walinielekeza kwa yule mjane, nikafika jua likiwa bado juu. Nambozo alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona mimi, na kamera sina, aliacha nguo zikaanguka.

"Ameona," akasema.

"Ameona. Ni kosa langu. Anajua ni Budondo."

Nilitegemea anitukane, ningefarijika. Aliingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na mfuko mmoja. Yule mjane alimfunga leso yake mwenyewe kichwani ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Utakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Dada," alinijibu, "wewe usijue."

Akapita katikati ya mashamba ya miwa, si kwa barabara. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Baadaye mjane alituma salamu kwamba mtu wa sare alifika kesho yake asubuhi na picha iliyokunjwa. Alipita nyumba kwa nyumba, akaulizia kwa adabu, akaondoka.

Jumatano iliyofuata alikuwa mbele ya kioo chetu kabla hatujafungua. Alitazama kila picha, kuanzia kona ya juu mpaka ya chini, mikono nyuma. Akaingia. "Leo umepiga wapi, mama?" Nilimwambia. Akashukuru, akaenda. Jumatano nyingine akaja tena, na nyingine. Meneja alizuia picha zote za Budondo na Jinja zisibandikwe, akaacha kabisa kusema panua. Mimi nilikuwa naanza kuogopa tangu Jumanne mchana. Hata hivyo nilijifunza kuhesabu kwa namna ya ajabu: akija, basi hajampata. Kuogopa kwangu ndiko kulikokuwa habari njema. Nilisimama nyuma ya kabati, na moyoni nikisema, njoo, afande, njoo utazame.

Ikaja Jumatano moja asije. Nikasubiri mpaka tulipofunga. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Meneja aliuliza kwa askari aliowafahamu. Mmoja alisema amehamishwa kaskazini, mwingine alisema ameacha kazi. Nilikwenda Budondo. Mjane hakuwa amepata neno lolote. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikarudi Jinja kuwa msimamizi wa studio mpaka mwenye studio alipofariki na watoto wake wakaifunga, nikapita kutoka filamu hadi kamera za kidijitali. Harusi nimepiga nyingi mno. Sijapata kujua kwa nini aliacha kuja.

Nimestaafu sasa, niko Mbale. Vijana huniletea picha zao kwenye simu ili nizisifu, na hushangaa ninapoanza kuzisoma kutoka pembeni, maharusi nikiwafikia mwisho. Wao picha zao hazingoji Jumatano. Zinaruka kwenye makundi ya simu kabla keki haijaliwa, na kila simu mfukoni ina lenzi pana kuliko ile iliyonitia mimi hatiani. Hilo linanitisha kuliko jambo lolote nililolitaja humu, na siwezi kulizuia.

Ninachoweza ni kujibu wanaponiuliza wanunue lenzi gani ya harusi. Ninawaambia hamsini. Wananilalamikia kwamba haizoomu, kwamba ukumbi ni mdogo, kwamba itawabidi kutembea. Ndiyo, tembeeni. Kwa hamsini hupati uso wa mtu mpaka umsogelee, naye anakuona unakuja, na kama anayo sababu, anapata muda wa kugeuka.