Matanga ya Jogoo wa Bati

Mwezi uliopita nilimuua mama yangu kwa simu, na wakati huo yeye alikuwa Othaya kwa dada yangu, akimwogesha mjukuu.

Sikukusudia. Niliyokuwa nikiiombolezea ni studio moja ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza gemu za magari. Asubuhi hiyo nilisoma kwamba imefungwa, wafanyakazi wameambiwa wachukue vikombe vyao vya chai waende nyumbani. Mtu mwenye akili angesema pole, akaenda kulisha ng'ombe. Mimi nilitafuta picha ya mshumaa, nikaiweka kwenye status, na chini yake nikaandika: "Pumzika kwa amani. Ulinilea nikiwa sijui kitu. Nyumba hii haitakuwa ile tena." Kisha nikaacha simu jikoni ikichaji, nikachukua panga, nikateremka bondeni kukata nepia, majani ya ng'ombe.

Ili uone ujinga huu ulivyokomaa, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuja na aibu yake, nikarudi hapa Mweiga kupumzika. Bado napumzika. Miaka ile kulikuwa na chumba cha gemu mjini Nyeri, nyuma ya fundi viatu, chenye benchi, televisheni chache na mwenyewe aliyetupimia muda kwa saa ya kengele ya jikoni. Mimi na kaka yangu tukipeleka viazi sokoni Jumamosi, tulirudi nyumbani tumechelewa na maelezo mengi. Gemu iliyotushika ilikuwa ya mashindano ya magari. Gemu nyingine zilikuwa na barabara za lami zenye taa, mahali ambapo sisi hatujawahi kuishi. Hii ilikuwa na matope. Ukikata kona kwa pupa, mkia wa gari unakwenda zake taratibu, kama ng'ombe anayeteleza kwenye mteremko, na ukikanyaga breki umejimaliza. Tulijua papo hapo kwamba aliyeitengeneza amewahi kukwama.

Kabla ya kuanza, skrini ilikuwa nyeusi. Kisha akatokea jogoo wa bati juu ya paa, akazungushwa na upepo, akawika. Huyo ndiye aliyekuwa alama ya studio. Mpaka leo jogoo wetu akiwika alfajiri, kidole gumba changu kinatafuta pa kubonyeza.

Baadaye kaka alinunua mashine ya gemu iliyotumika, tukaiunganisha na televisheni yetu iliyofanya kila mtu awe na uso wa kijani. Pad za kuchezea zilikuwa mbili, moja waya wake umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye mdogo. Nilimshinda nayo kila Jumapili, naye kila Jumapili alisema ni umeme. Mama akipita na ndoo ya maziwa alichungulia mlangoni, akauliza kama magari yetu yameshafika huko yalikokuwa yakienda. Hayakuwahi kufika. Kulikuwa na barabara moja ya mwisho, ya mlimani kwenye ukungu, ambayo hatukuimaliza hata mara moja. Kisha kaka alipata kazi Uarabuni, kuendesha malori jangwani. Yule niliyekuwa nikimshinda ndiye anayeendesha gari sasa. Mimi bingwa sina hata leseni.

Basi, siku hiyo nilipopanda kutoka bondeni na mzigo wa nepia, niliona moshi nyuma ya nyumba. Uwanjani palikuwa na viti vya plastiki vya kanisa. Akina mama wa kikundi walikuwa wamekwisha kuinjika sufuria kubwa ya chai. Jirani yetu wa upande wa juu, mwenyekiti wa kikundi hicho, alikuwa akisukuma toroli lenye gunia la viazi. Aliponiona aliliacha toroli, akanikumbatia pamoja na nepia yangu.

"Pole, kijana yangu," akasema. "Pole sana. Jikaze."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipovuka mpaka. Nilidhani wamesoma habari za studio. Miaka yote nimelalamika kwamba watu wa hapa hawaelewi mambo yangu, kumbe wananielewa mpaka kuniletea viazi. Machozi yakanitoka, na machozi yale yakamaliza shaka yoyote iliyokuwa imebaki kwa mtu yeyote.

Mzee wa kanisa alinikalisha kitini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu. Nilimwambia ulikuwa wa muda mrefu, na sisi tuliofuatilia kwa karibu tulijua siku itafika. Akatikisa kichwa, akasema basi alificha vizuri, maana Jumapili tu walikuwa wote kanisani. Niliona mzee ameanza kuchanganyikiwa na umri.

"Na amelazwa wapi saa hii?" akauliza.

"Uingereza," nikasema.

Aliyekuwa akikoroga chai alisimamisha mwiko.

"Mama yako alienda Uingereza lini?"

Simu yangu ikalia jikoni. Jirani wa upande wa juu ndiye aliyekuwa karibu. Aliichukua, akaangalia jina, akatoka nayo ameishika mbali na mwili kama kitu kinachouma. Akaibonyeza, na sauti ya mama ikasikika uwanja mzima.

"Ati nimekufa? Na ng'ombe amekamuliwa?"

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kuwaambia watu walioacha shamba kwamba marehemu ni kampuni. Hakuna aliyecheka. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa kwenye milima ya Nyandarua, na kila aliyekuwa pale alikuwa ameacha viazi vimechimbwa, vimelala mtaroni vikingoja mvua. Mzee wa kanisa alivaa kofia aliyokuwa ameivua kwa heshima. Alisema bila kupandisha sauti kwamba hapa kwetu hatuna mtu wa kukodi wa kutupikia tukifiwa, tuna hili tu, kwamba mtu akisikia, anaacha jembe. Mtu akishachezewa hapo, siku nyingine atamalizia mstari wake wa viazi kwanza.

Hilo liliniingia. Mama yangu ameshakuwa mtu wa kushika ukuta akiinuka. Kaka yuko mbali. Niliona siku ambayo nitaandika kweli, na watu wa Mweiga wataangalia ule mshumaa na kusema, ni yule na magari yake, kisha waendelee kupalilia.

Lakini chai ilikuwa imeiva, na chai haikuwa imekosea mtu. Wakamimina. Mzee akaniangalia juu ya kikombe, akasema kwamba kwa kuwa tumeshaketi matanga, ni haki tujue ni nani tuliyekuja kumlilia.

Kwa hiyo nikasimama, mbele ya viti vya kanisa, nikasoma wasifu wa studio bila karatasi. Nilisema ilizaliwa kwenye ghala la nyasi za ng'ombe, katika shamba la baba wa vijana wawili, mtu na mdogo wake. Gemu zao za kwanza zilikuwa kwenye kanda za kaseti. Uliweka kanda, ikalia kama nguruwe, na wakati inalia ungeweza kukamua ng'ombe na kurudi kabla gemu haijafunguka. Mama yao aliwapelekea chai ghalani na kuwaambia waache ujinga. Sauti ya gari la kwanza waliirekodi kwenye trekta la baba yao, na jogoo wa bati alikuwa juu ya paa la ghala hilohilo. Wakatajirika kidogo, wakahamia jengo la vioo mjini. Matajiri wa nchi nyingine wakaja wakainunua studio, wakataka watu watengeneze gemu za simu za kupasua matunda kwa kidole. Yule kaka mkubwa akaondoka, akarudi kufuga kondoo. Mdogo akabaki mpaka siku ya vikombe.

Nilitegemea miayo. Nikapata maswali. Mmoja alitaka kujua ng'ombe walilala wapi ghala lilipochukuliwa. Mwingine aliuliza kama mama yao aligawiwa chochote mali ilipouzwa, na niliposema sijui, wakakubaliana kwamba hakupewa kitu. Mzee akauliza kama ndugu hao bado wanasemezana. Hilo pia sikulijua, nikajikuta nimekaa chini kabla ya kumaliza.

Mzee alitaka kuona. Tukasongamana sebuleni, nikawasha mashine, uso wa kila mtu ukawa kijani, jogoo akawika. Nilimpa pad ile nzima, ya kaka. Aliingia mtaroni kwenye kona ya kwanza, akatoka, akaingia tena ng'ambo ya pili, akisema gari hili halina adabu. Jirani wa upande wa juu alisimama mlangoni amekunja mikono. Alisema hiyo ni barabara yetu ya kupeleka maziwa mwezi wa nne wa mvua, na kwamba hao wazungu lazima walipita hapa kwa siri.

Walipokuwa wakikunja viti, simu ikalia kidogo. Ulikuwa ujumbe wa kaka. Na yeye alikuwa ameuona ule mshumaa, huko kwenye mchanga, lakini hakuwa amepiga simu kwa hofu. Alikuwa ameandika tu: "Ni wale wa jogoo?" Nikamjibu ndiyo. Akaandika kwamba ile barabara ya ukungu angeimaliza, ni umeme.

Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati. Nilitoka kuomba msamaha mara ya mwisho, nikamkuta jirani wa upande wa juu akirudisha gunia lake kwenye toroli. Nilimsaidia kuinua, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, kama kweli wangekuja tena. Alifunga mtandio kichwani, akashika vipini vya toroli.

"Hizi viazi narudi nazo. Siku utafiwa kweli, usiandike kitu. Piga simu, nizilete tena."