Lozi za Mdalasini

Nikinusa sukari iliyoungua na mdalasini, namwona Mama kwenye soko la Krismasi la mji ule mdogo wa kale, mwendo wa saa moja kutoka Houston. Anatetemeka kwa baridi, anataka turudi nyumbani. Baba anachungulia simu yake. "Tuzunguke tena kidogo, mama watoto," anasema, na kumnunulia lozi za sukari, za moto.

Tulipofika nyumbani, magari ya Watanzania wenzetu yalikuwa yamejaa mtaa mzima.

"Mama, kuna pati kwetu!" nilipiga kelele.

Mama hakushuka. Kwetu msiba hauelezwi kwa simu. Watu hukusanyika kwanza nyumbani, ndipo mfiwa aambiwe. Alimaliza kutafuna lozi iliyokuwa mdomoni, akamgeukia Baba.

"Ni mama yangu, au ni baba?"