Cherehani Iliyokuwa kwa Mtani

Kila mwaka, mvua za vuli zikishapungua, meneja alinipa ufunguo wa ghala dogo lililokuwa nyuma ya ofisi, akaniambia nianze. Hakuhitaji kueleza nianze nini. Nilichukua karatasi, kalamu na kitambaa cha kujifunga puani, nikaingia.

Shamba letu la mkonge lilikuwa kati ya Tanga na Pangani, ukiiacha Kigombe ukaelekea bara kidogo. Wakataji wetu walitoka mbali: Unyamwezi, Uha, Ubena, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Mtu akimaliza mkataba wake na kutaka kwenda kwao, alifunga sanduku lake akampa nyapara wa kambi, akasema anakwenda kuwaona wazee na atarudi. Baadhi walirudi. Wengine tulisikia wameoa, wamepata shamba, wamekufa. Walio wengi hatukusikia lolote. Nyumba za kambini zilikuwa haba, na mgeni akiingia alitaka nafasi, kwa hiyo masanduku yalihamishiwa ghalani, na ghala lilikuwa juu yangu mimi, karani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Kitu kikikaa mwaka bila mwenyewe kutokea, shamba lilitakiwa kuiarifu Boma, ofisi ya serikali huko Tanga. Tuliandika jina la mtu, kabila lake, mtemi au jumbe wake kama tulimjua, kitu chenyewe, na hali yake. Boma walibandika tangazo barazani kwao, wakapeleka barua huko kwa mtemi, wakangoja. Asipotokea mtu, kitu kiliuzwa mnadani na fedha ikakaa serikalini ikimsubiri mwenyewe. Mali ya marehemu asiye na ndugu pale shambani haikungoja mwaka. Hiyo ilitakiwa kuarifiwa mara moja.

Kueleza ni rahisi. Kuifanya kazi hiyo kulinichosha kuliko kuandika mishahara ya kambi nzima. Ulifungua sanduku la bati ukakuta blanketi limekunjwa vizuri, na katikati ya mikunjo kipande cha sabuni ili lisinuke. Aliyelikunja alitaraji kulifungua mwenyewe. Wewe unaandika: blanketi, moja, kuukuu. Unafunga, unavuta jingine. Jioni unarudi nyumbani na vumbi la mkonge kooni, mkeo anakuuliza umefanya nini leo, unamwambia umeandika mablanketi.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko mingine alikufa Mnyamwezi mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Mchana alikata mkonge kama wenzake, na jioni alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake na cherehani yake ya mkono, akishona suruali za wakataji na magauni ya wake zao. Homa ilimshika wakati wa masika na hakuamka tena. Hakuwa na mke wala ndugu wa damu pale kambini. Alikuwa na watani.

Watoto wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekana tu. Kwetu utani ulikuwa kazi. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na mmoja akifa ugenini, mwenzake ndiye anayeosha, anayechimba na anayezika. Na kwa kuwa amefanya hayo, ana haki yake. Anaweza kuingia msibani akachukua kitu cha marehemu mbele ya watu wote, akasema amekiteka, na hakitoki mkononi mwake mpaka ndugu wa marehemu waje wakikomboe kwa kuku, kwa jembe, kwa kanga, kwa chochote watakachopatana. Kukitumia haruhusiwi. Anakitunza, na anawasubiri.

Siku hiyo mtani alikuwa mama mmoja wa Kizigua, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeuza uji alfajiri njiani kuelekea mashamba. Sote tulimwita bibi. Yeye na Wazigua wenzake walisimamia maziko mwanzo hadi mwisho. Waliporudi kutoka makaburini, bibi akaingia chumbani mwa marehemu, akatoka na cherehani kichwani, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka na wengine bado wanalia.

"Nimeiteka," akasema. "Waambieni hao wapagazi wa kwao waje waikomboe. Walibeba pembe za ndovu za watu wakarudi kwao miguu mitupu, basi safari hii wana mzigo wao wenyewe."

Wanyamwezi waliokuwa msibani wakacheka na machozi yao. Mmoja akamwambia aangalie isimvunje shingo, shingo ya Kizigua ni ya kubebea mdomo tu. Nilikuwapo, nami nikacheka. Kisha sanduku la marehemu likaletwa ghalani, nikaliandika, na cherehani sikuiandika kwa sababu haikuwamo.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Ila Boma walikuwa wamemwandikia barua wakilalamika kwamba mashamba yanaleta mablanketi matupu huku vitu vya thamani vikipotelea makambini. Akaniita, akaniuliza kama orodha ya yule fundi imekamilika. Kila mtu shambani alijua fundi yule alikuwa na cherehani, hata meneja mwenyewe aliwahi kutiliwa kiraka cha kaptura nayo. Nikamwambia iko kwa mtani. Akauliza mtani ni nani. Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema mama huyo si ndugu wala hakuwa akimdai marehemu, kwa hiyo anashikilia mali ambayo shamba linawajibika kuitolea taarifa. Niende nikailete.

Nilikwenda kwa bibi jioni. Alikuwa akipepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Cherehani niliiona ndani, juu ya kinu kilichopinduliwa, imefunikwa kanga safi. Nikamweleza habari ya Boma, tangazo, barua kwa mtemi, mnada. Aliuliza maswali mengi kuliko meneja. Tangazo linabandikwa wapi? Nani huko Unyamwezi atakayekuja kulisoma hapa? Barua ikifika kwa mtemi, mtemi anawajua watu wangapi? Nikajibu nilivyoweza, na nikijibu nilijiona ninazidi kuchoka, maana majibu yenyewe nilikuwa nayajua.

Akaacha ungo. "Sikiliza, mjukuu wangu. Wenzake wamekwenda kwao, wamewaambia ndugu zake cherehani iko kwa mtani. Kuna mtu atakuja. Akija asiikute, atasema nini? Atasema Mzigua kamzika ndugu yetu ili ale mali yake. Maneno hayo yatafika Unyamwezi kote. Mnyamwezi mwingine akifa hapa, nani ataniruhusu nimwoshe?"

Nikamwambia nitaieleza serikali.

"Mimi na serikali hatuna utani," akasema.

Niliandika taarifa nikaweka cherehani ndani yake, na mahali pa kuonyesha kitu kilipo nikaandika kwamba kiko kwa mtani wa marehemu, kikisubiri ndugu. Meneja aliisoma, akatabasamu kidogo, akaiacha ipite. Mimi mwenyewe niliipeleka Boma, Tanga. Karani wa pale alikuwa Msambaa, kijana wa misheni aliyevaa tai kwenye joto lile. Aliisoma mara moja akaelewa, kwani na kwao watani wapo. Alinitazama kwa huruma, akaniambia kaka, ninalijua jambo hili, lakini bwana wangu hana mahali pa kuliweka. Kitu cha marehemu ama kiko shambani, ama kiko Boma, ama kimeibiwa. Akaniomba nirudi nacho kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atatumwa askari, na askari akienda hatauliza habari ya utani.

Hilo ndilo nililorudi nalo kwa bibi. Sikumtisha. Nilimweleza tu askari watapindua vyombo vyake mbele ya wajukuu, na cherehani itakwenda vilevile, na jina lake litaandikwa katika neno lile la tatu la karani wa Boma: kimeibiwa. Aliweka ungo chini. Kisha akaingia ndani, akaifunga cherehani katika ile kanga, akaileta mpaka kizingitini akaiweka chini.

"Siwezi kukupa," akasema. "Mtani hatoi kitu kisichokombolewa. Hapo ndipo ilipo. Ukiichukua, umeichukua wewe."

Nikainama nikaichukua. Alirudi kwenye mtama wake, na hakunitazama nilipoondoka.

Tangazo lilikaa barazani Boma mpaka karatasi ikawa ya njano. Barua ilikwenda kwa mtemi na hatukupata jibu. Masika yalipokaribia walifanya mnada, na cherehani ikanunuliwa na fundi mmoja wa Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani. Nilipita pale baadaye nikamwona akiitumia. Nilimwambia bibi imeuzwa. Akauliza kama kanga yake iliuzwa nayo. Nikamwambia nadhani ndivyo. Kuanzia siku hiyo akawa anawamiminia wakataji uji bila kuwatania, nao wakawa wanakunywa kimya na kwenda zao. Wanyamwezi wawili watatu waliacha kabisa kununua kwake.

Baada ya mavuno ya mahindi ndugu wa marehemu akafika. Alikuwa mdogo wake, mtu mwembamba, amesafiri kwa treni na malori na amechoka hadi macho. Hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, kama walivyomwelekeza kwao, akiwa na jembe jipya la Kinyamwezi lisilo na mpini, limefungwa kwa majani makavu. Nyapara alinikimbilia ofisini kunipa habari, nikaacha kazi nikaenda. Nilihisi bibi atataka shahidi.

Nilikuta watu wamekusanyika uani. Yule kijana amechuchumaa, jembe mbele yake. Bibi amesimama, mikono imemning'inia. Alikuwa ameshamwambia kwamba cherehani haipo. Niliona amezeeka katika mwaka ule mmoja.

Nikatoa salamu, nikaanza kueleza. Nikasema mimi ndiye niliyeichukua, bibi hakuitoa, serikali ndiyo iliyoitaka, imeuzwa, na fedha yake iko Boma.

Kijana hakugeuza hata shingo. "Sikukuuliza wewe, karani," akasema. "Ninazungumza na mtani wangu."

Akamtazama bibi juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Sisi tulibeba mizigo ya watu kutoka kwetu mpaka baharini, ikafika," akasema. "Nyie mzigo mmoja tu, tena wa kukaa nao ndani, umewashinda."

Hakuna aliyecheka. Bado hatukujua anaelekea wapi. Akainuka, akaenda jikoni kwa bibi, akaliinua sufuria kubwa la uji, lile ambalo bila hilo bibi hana biashara, akamwaga mabaki kwa kuku, akalipakata.

"Nimeliteka. Ukitaka kuuza uji kesho, nikomboe."

Nyapara ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine wote. Bibi alikaa chini palepale mchangani akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yalitikisika kwa namna ambayo sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio. Alipofunua uso akaanza kumtukana: Mnyamwezi gani asiye na haya, kamaliza nauli ya nchi nzima kuja kuiba sufuria la kikongwe, na miguu yake ile kama ya korongo, bila shaka alikuja akifikiri Tanga yote ni kinamasi. Akanigeukia.

"Na wewe karani, usije ukaiandikia serikali habari ya sufuria langu."

Alichinja jogoo. Kijana alikula, akalirudisha sufuria usiku uleule, akamwachia jembe. Bibi alikataa kulipokea kwa sababu hana cha kukombolewa, kijana akamwambia hilo si la cherehani, ni la maziko. Basi akalipokea.

Siku ya pili nilimpeleka kijana Boma, Tanga. Karani yule Msambaa alitoa faili, akatuonyesha fedha imeandikwa na imehifadhiwa, tena bila kupungua. Kuitoa kulitaka barua ya mtemi yenye kuthibitisha kwamba huyu ni ndugu wa yule. Kijana akauliza barua hiyo inaandikwa wapi. Akaambiwa huko huko kwao. Alitazama mlango, nadhani alikuwa akizihesabu treni na malori.

Nilimwandikia mtemi barua mbili kwa mkono wangu, moja kijana akaichukua mwenyewe, nyingine nikaipeleka posta. Alilala kwa bibi usiku mmoja zaidi akaondoka na lori la Korogwe. Wakataji wa Kinyamwezi walirudi kunywa uji wake, na mwaka uliofuata alipokufa mmoja wao, bibi ndiye aliyemwosha.

Fedha ile ilikuwa bado Boma, ikingoja barua ya mtemi, nilipoacha kazi pale. Kila nilipopeleka orodha ya mwaka nilimwuliza yule karani, naye alifungua faili kunionyesha, mpaka mwishowe akawa anatikisa kichwa tu kabla sijauliza. Mwaka wangu wa mwisho alikitikisa tena, nikamkabidhi orodha yangu: mablanketi, masanduku, taa moja ya chemli isiyo na kioo. Akaipiga muhuri, nikarudi shambani kwa basi la jioni.