Miti ya Kupigia Picha

Maktaba yetu ya jamii pale Matogoro ilijaa vitabu vya mazingira kutoka ng'ambo. Ukitaka kujua barafu inavyoyeyuka au pengwini anavyolea kinda lake, karibu sana. Mkutubi nilikuwa mimi. Nilivipanga kwa rangi za majalada, maana wasomaji hawakuwa wakinisumbua.

Wafadhili, watu wema wa mbali, walitaka kitu kimoja tu: picha za miti ikikua. Mwanzoni tulipanda miti ya asili kuzunguka chemchemi, bondeni chini ya maktaba. Mwaka ukapita, miti ikafika magotini. Kamati ya maktaba ikakunja uso. Nani huko ng'ambo atafurahia mti wa magotini? Nikatoa wazo, nikajiona mwerevu kweli: mikaratusi. Tukang'oa ile mifupi, tukapanda hiyo.

Bibi mmoja jirani, aliyechota maji pale tangu aolewe, akapanda hadi mlangoni kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, miti ile inakunywa maji. Kwetu Madaba ilikausha kijito. Ing'oeni."

"Bibi, haya mambo ni ya kitaalamu," nikamjibu, nikimwonyesha rafu. "Tumeyasoma."

Sikuwa nimesoma hata kitabu kimoja.

Mikaratusi haikutuangusha. Kila mwaka nilirudi nyuma hatua kadhaa ili vilele vienee kwenye picha. Tukapongezwa, tukaletewa pengwini wengine wa vitabuni. Chemchemi nayo ikawa dimbwi, dimbwi likawa tope, na kiangazi kilichopita hata tope likapasuka.

Mwezi huohuo wageni wakaja kuiona miti yao. Walikumbatia mashina, wakapigwa picha. Mmoja akauliza chemchemi iko wapi. Nikamwambia imepumzika. Akaandika.

Kamati ilikuwa imemwomba yule bibi awapikie chakula, kwa kuwa ugali wake hauna mpinzani. Alipoandaa, akashika jagi na beseni, akawanawisha wageni mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwa kila mgeni. Waliyaacha maji yakimwagika huku wakiongea. Bibi akaendelea kumimina. Akafika kwangu.

Nilikinga viganja, akamimina taratibu, jicho lake kwenye jagi.

"Nawa, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeyafuata mtoni tangu alfajiri. Sikutaka uaibike mbele ya wageni wako."